Damu ya Lucero

Kila adhuhuri mfamasia wa Tacuarembó, mji wa Uruguay, hufunga duka, hujaza kibuyu chake chai chungu, kisha hufungua mchezo wa kufuga farasi kwenye kompyuta. Kabla ya kupandisha dume na jike hushika daftari, na kidole chake chenye harufu ya spiriti hupanda ukoo taratibu: mama, bibi, babu. Jana kidole kiligota. Wa damu ya Lucero, farasi aliyeachwa mchezoni na marehemu kaka yake, wamebaki dume na jike tu, wa tumbo moja.

"Wapandishe tu, shangazi," alisema Yamila, binti wa marehemu. "Mchezo haukatazi. Unataka farasi wa baba waishe?"

"Ni ndugu hao. Mtoto atazaliwa dhaifu, na ataandikwa kwa jina la baba yako, mwenye ukoo."

Akachukua rula apige mstari wa kufunga ukoo chini ya majina yao. Yamila akamshikia daftari lisiteleze.