Shuka Nilizofumua Majina

Kuna watu wa kwetu huota vita. Mimi huota shuka. Ni shuka nyeupe za kitani, nzito, zimekunjwa mara nane na kufungwa utepe, na katika ndoto huwa natafuta mahali pa kuziweka na kila kabati ninalofungua limejaa.

Nilifika Brussels kutoka Bujumbura miaka ya tisini, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchambua nguo katika chumba cha chini cha duka moja la hisani, mtaa wa Ixelles. Wenye nacho walileta mifuko ya vitu walivyovichoka. Sisi wa chini tulivitenga: vinavyofaa vipelekwe juu dukani viuzwe rahisi kwa wasio nacho, vilivyochakaa vimngoje mnunuzi wa matambara. Ndivyo ilivyoandikwa ukutani, kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi. Lakini yeyote aliyewahi kufanya kazi mahali penye mlango wa nyuma anajua kwamba kizuri hakipandi ngazi.

Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja tu, juu karibu na dari, usawa wa njia ya waenda kwa miguu. Jiji lile nilianza kulijua kwa viatu. Nilijua viatu vya mwalimu, viatu vya mlevi, viatu vya mwanamke anayechelewa kila siku kwa sababu ileile. Mvua ikinyesha kioo kilijaa matone, na mwanga ukaingia wa kijivu, ukakaa juu ya marundo ya nguo kama vumbi. Pasi ilitoa mvuke. Nilikuwa nasinzia nimesimama, mkono unakwenda na kurudi, na mara nyingine sikujua kama niko Ixelles au nyumbani Buyenzi, kibarazani kwa mama, nikimsikia anachagua mchele.

Shuka zililetwa zaidi baridi ilipoanza. Wazee wanakufa, watoto wao wanafungua makabati, hawana nafasi ya vitu vile katika nyumba zao ndogo, basi vinakuja kwetu. Kila shuka ilikuwa na herufi mbili zilizodariziwa kwenye pindo, moja ya bibi arusi na moja ya bwana, zimekumbatiana. Nyingi hazikuwahi kulaliwa. Msichana wa miaka kumi na sita alizidarizi akaziweka kwa ajili ya siku kubwa, na siku kubwa haikufika, au ilifika akaona bado zinafaa kungojea siku nyingine kubwa zaidi. Nilikuwa nazifungua polepole, nikiwaza: huyu alikuwa mwenye kucheka, huyu alikuwa mchoyo, huyu mume wake alikuwa akilala amevaa soksi. Niliwapenda wanawake wale. Kisha nikawaibia.

Wenzangu walichukua nini sikuuliza. Mimi nilichukua shuka. Nilijiviringishia mwilini, moja au mbili, nikavaa sweta juu, nikavaa koti juu ya sweta. Asubuhi niliingia kazini mwembamba, jioni nikatoka mnene kama mama wa mimba ya miezi saba, na hakuna aliyewahi kunipongeza.

Nilizipeleka Galerie, ule ujia wa maduka wa Matonge, mtaa wa Waafrika, kwa mama mmoja Mkongomani aliyekuwa na kiduka kati ya saluni mbili. Juu ya meza aliuza mafuta ya nywele na vitenge. Chini ya meza aliuza kila kitu. Jirani yake alikuwa fundi cherehani, na kitani kile kizito alikikata suti nyeupe za vijana wa Matonge, wale wanaotoka Jumapili wakitembea taratibu ili waonekane.

"Leta nione," mama alisema mara ya kwanza, akaipapasa shuka kwa vidole viwili. "Eh! Hii ni ya mariage, hii. Bon. Lakini toa hizi lettres, ma petite. Hakuna muntu atavaa pantalon iko na jina ya muzungu."

Basi nikawa nakaa pembeni saluni, kwenye kigoda, na mkasi mdogo wa kucha, nafumua majina. Wasukaji walizungumza Kilingala na Kiswahili kwa pamoja, redio iliimba, harufu ya nywele zilizoungua ikanilevya. Herufi zile zilinichukua mchana mzima. Nyuzi zilianguka sakafuni zikachanganyika na nywele, na jioni vyote vilifagiliwa kwa ufagio mmoja. Siku moja nilisinzia, mkasi ukateleza, shuka ikachanika kiasi cha ukucha. Niliomba uzi na sindano kwa fundi, nikaziba kama mama yangu alivyonifundisha: nyuzi za kwenda, nyuzi za kurudi, na mwisho msalaba mdogo kila pembe ili pasifumuke. Ilikaa vizuri hata nikaona fahari.

Je, nilijiona mwizi? Hapana, na sitadanganya sasa ili nionekane mwema. Nilipokuwa mgeni kabisa niliwahi kwenda kwenye duka lilelile na karatasi ya ofisi ya manispaa, nikapewa koti lisilo na vifungo. Baadaye, nilipoanza kazi chini, ndipo nikaona makoti mazuri yalivyokuwa yanatoka kwa mlango wa nyuma. Nilikasirika, nami hasira zangu huwa hazipiti upesi. Nikajiambia vitu hivi vimetolewa kwa ajili ya maskini, na maskini ni nani kama si mimi? Na ile pesa ya Galerie nilipiga nayo simu Bujumbura, nisikie kama wangali hai. Hayo ndiyo niliyojiambia.

Nilikuwa nakaa Saint-Josse, kwa bibi mmoja wa mtaa wetu wa Buyenzi. Hakuwa ndugu yangu wa damu. Alinikuta nimekaa na begi moja kwenye ngazi za ofisi ya wakimbizi, akaniuliza natoka mtaa gani, nikamjibu, akabeba begi. Nilimwita Bibi, naye aliniita mtoto wangu, na kwa miaka mitatu tulikula sahani moja. Alikuwa amefagia maofisi ya Brussels mpaka magoti yakagoma. Na kila alipofariki mwanamke wa Kiislamu miongoni mwetu, ndiye aliyeitwa kuosha. Alikuwa na mikono mikubwa, mizito, na ukimtazama akikanda unga ungefikiri unga wenyewe umetulia.

Majira yale ya baridi alianza kukohoa. Ijumaa moja, baada ya kuswali adhuhuri, aliniita chumbani kwake. Kitandani palikuwa na sanduku la bati.

"Keti, mutoto wangu. Wangu wote wako kule kwetu, hakuna wa kuja. Weye ndiye utaniosha. Wale wamama ninaoosha nao watakusaidia, lakini kichwa changu ushike weye. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Sijawahi kupewa heshima kubwa kama ile, wala kabla wala baadaye.

Akafungua sanduku. Palikuwa na kafuri, pamba, chupa ndogo ya manukato. Chini yake palikuwa na kitambaa cheupe kimekunjwa.

"Na sanda yangu hii. Nimeinunua kule Galerie, kwa ile maman. Ni pesa zangu za kufagia bureau, hakuna ya mutu mwingine hata moja. Nilitaka niende na kitu ya halali, donc nilingoja mpaka zikatosha."

Aliitandaza kitandani. Mwanga wa dirisha ukapita ndani yake, na kwenye pindo nikaona vitundu vya sindano, safu nzima, pale palipokuwa na herufi mbili. Bado sikutaka kujua. Zilikuwa shuka ngapi Brussels, si lazima iwe ile. Ndipo Bibi akaweka kidole pembeni kidogo.

"Na tazama hapa. Palichanika, mutu akapaziba. Ni mukono muzuri, huu. Mungu amubariki."

Nikasema amina. Ningesema nini? Nilisema amina, nikamsaidia kukunja.

Siku zilizofuata zilinipita kama zinavyompita mtu mwenye homa. Nilipiga pasi, viatu vikapita juu ya kichwa changu, nikaona tu sanduku lile. Nilikuwa nikisinzia namwona Bibi amelala ardhini ndani ya shuka, herufi zimerudi kifuani pake, na wale malaika wawili wanaokuja kuuliza wanaziinamia, wanazisoma, wanamwita kwa jina la mwanamke wa Kibelgiji. Bibi anawajibu kwa adabu kwamba siye yeye. Nao wanazisoma tena.

Wazee wetu walisema mchuma janga hula na wa kwao. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu utotoni bila kufikiri kwamba wa kwao anaweza kuwa ajuza aliyebeba begi langu.

Nikaenda kwa Madame. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa duka, mwanamke wa miaka sitini hivi, mpole, kila wakati na shali ya hariri. Nilimkuta nyuma ya duka anapakia gari lake. Nikamwambia kwa Kifaransa changu cha kuvunjika: nimechukua shuka, nyingi, nataka unikate kwenye mshahara, au unisamehe, lakini unisamehe kwa kinywa chako. Alinitazama akacheka, si kwa ubaya.

"Mais ma petite," alisema, "sote tunachukua."

Akafunua blanketi ndani ya buti. Palikuwa na taa mbili za shaba, vijiko vya fedha vimefungwa kwenye gazeti, saa ya ukutani. Alikuwa na mtu sokoni, alisema, anayempa bei nzuri. Shuka? Nizichukue tu, ananipa.

Nilishuka ule mtaa nikiwa mwepesi kama niliyetua mzigo. Amenipa! Nilifika kituo cha basi, nikasimama, basi likaja likaondoka bila mimi. Amenipaje kisicho chake? Ni kama nimemwomba mwizi wa mbuzi anihalalishie kuku. Wenye shuka walikuwa wamekufa, na waliokusudiwa kupewa walikuwa wanapita mbele yangu barabarani na makoti yasiyo na vifungo. Singeweza kuwaomba radhi mmoja mmoja.

Nilibakiwa na Bibi tu. Nilimwambia jioni ileile, nimepiga magoti karibu na kiti chake, na sikuficha kitu: sweta, Galerie, mkasi, ule mkono mzuri aliouombea baraka. Alisikiliza hadi mwisho. Chai yake ilipoa.

"Toa ile sanda kwenye sanduku," alisema. "Irudishe mahali ilitoka."

Niliirudisha kesho yake, nikaipeleka juu mwenyewe, nikaiweka kwenye rafu ya duka na karatasi ya bei. Wiki iliyofuata haikuwapo. Msichana wa kaunta aliniambia haikuuzwa, Madame aliipenda akaiweka pembeni. Siku hiyohiyo niliacha kazi.

Nikapata kazi ya kusugua ngazi za majumba, ngazi hadi ngazi, mpaka nikaweza kununua bafta nyeupe kwa Mturuki mmoja pale Saint-Josse. Kilikuwa kitambaa cha kawaida, chepesi. Bibi alikipapasa.

"Hii nitavaa," alisema. "Ni ya jasho yako, asante. Lakini kuniosha, hapana. Si sasa."

Nililishika lile "si sasa" kama mtu anavyoshika nguzo. Halikuwa hapana ya milele. Miezi minne iliyobaki nilimpikia, nilimkanda magoti, tulicheka kama zamani, alinitania kwamba wali wangu unafaa kupigia lipu. Hakuna siku aliyonirushia neno. Nilingoja aniite tena chumbani aniambie, sasa. Kila nilipompelekea maji ya kutawadha nilikawia kidogo mlangoni. Kuuliza niliogopa. Nilijiona nina muda.

Alifariki mwezi wa nne, hospitalini, asubuhi ambayo nilikuwa ngazini nasugua. Wamama wanne walikusanyika kwenye chumba cha kuoshea, nami nikafika mbio, bafta mkononi ndani ya mfuko, tayari nakunja mikono ya blauzi. Mkubwa wao alinizuia kwa kiganja, taratibu, kifuani.

"Bibi alituambia," alisema.

"Lini?"

"Zamani. Wakati wa baridi."

"Na baadaye? Hakusema tena?"

Alitikisa kichwa. Macho yake yalikuwa na huruma, na huruma ile iliniuma kuliko tusi. Mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini, nikasikia maji yakimiminwa, yakatulia, yakamiminwa tena. Nilijua kwa sauti kwamba wamemaliza upande wa kulia na sasa wanamgeuza. Nilijua pia kuna mtu mwingine aliyemshika kichwa. Pengine Bibi alisahau kuniita. Pengine hakusahau. Nililia kwa sauti, bila aibu, hadi muuguzi mmoja aliyekuwa akipita akaniletea maji kwenye kikombe cha karatasi.

Mlango ukafunguka kiasi cha mkono kupita.

"Sanda," yule mama akasema.

Nikampa. Katika uwazi ule niliona unyayo mmoja wa Bibi, umelowa, halafu mlango ukafungwa.