Ukuta Uliomkanda Bibi

Nyumba yetu ya mtaa wa Musaga ilikuwa ikinuka ndagala hata siku ambazo hatukupika samaki hao wadogo wa ziwani. Harufu ilianza alasiri, ikatoka koridoni polepole mpaka sebuleni, na lawama zote zikamwangukia mama. Alisugua jiko, akamwaga maji ya sabuni chini ya kabati, akamfukuza paka wa jirani kwa ndala akimsingizia kwamba anaficha samaki darini. Baba, aliyeuza vipuri vya pikipiki sokoni na kuamini kwamba hakuna chombo kinachomshinda, alikuwa na shida yake nyingine: taa ya sebule ilififia kila mama alipopiga pasi chumbani. Akabadilisha balbu. Akabadilisha soketi. Mwishowe akanunua pasi mpya, na taa ikaendelea kufifia vilevile, ila mama alifurahi sana kupata pasi mpya. Nyumba ilikuwa ya kupanga, hatukujua ndani ya kuta zake kuna nini, na mwenye nyumba aliapa kwamba hazina tatizo lolote.

Msimu ule wa mvua Bibi, mama yake baba, alikuwa amekuja kutoka Buyenzi kukaa nasi. Musaga iko juu kidogo, upepo wa milimani unashuka moja kwa moja mpaka uani, na Bibi alizoea joto la kule chini karibu na ziwa. Siku ya kwanza tu alitangaza kwamba mgongo wake ukikaza atafunga mzigo wake arudi kwake. Mimi nilikuwa mdogo na sikutaka arudi hata kidogo. Yeye ndiye aliyenisuka bila kunitoa machozi, na baba alipoanza kunifokea kuhusu shule, ndiye aliyemkumbusha, mbele yangu, jinsi alivyokuwa akijificha chini ya kitanda asiende madrasa. Nani angekubali kumwachilia mtu kama huyo? Lakini wiki zikapita na mzigo haukufungwa. Kila baada ya sala ya adhuhuri Bibi alitandika mkeka koridoni, akaegemeza mgongo ukutani, mahali palepale, akafumba macho na kutabasamu. Alisema Musaga imemkubali. Mimi nikijaribu kuegemea pale alinisogeza kwa kiwiko.

Jambo jingine jipya lilikuwa mapenzi yake kwa nguo zilizonyooka. Kila mchana alimuuliza mama kama hakuna nguo za kupiga pasi. Zikiisha, alileta mitandio yake, ileile iliyopigwa pasi jana. Baadaye zikafuata foronya, na siku moja akaja na matambara ya jikoni. Mama alitamba kwa majirani kwamba hakuna mwenye mama mkwe nadhifu kama wake, akapiga pasi mpaka mkono ukamchoka.

Basi Jumamosi moja taa ilififia ikakaribia kuzima, na baba akasalimu amri, akaita fundi wa umeme. Fundi alikuwa kijana mchangamfu, mwenye bisibisi ya kupimia iliyowaka kitaa chekundu. Alifungua soketi, akafunga, akapanda darini, akashuka na utando wa buibui kichwani. Pasi wakati huo ilikuwa imechomolewa, na hakuna alichokiona. Akafuta mikono, akatoa hukumu.

"Nyumba ni nzima. Mubaya ni hii pasi. Muiache kabisa, musiitumie tena."

Bibi akafumbua macho pale kwenye mkeka.

"Apana! Pasi musiitupe," akasema, akimwelekezea mama kidole. "Mama Salma akipiga pasi, huu ukuta unanikanda mugongo."

Baba akamuuliza anasema nini, naye Bibi, akijua sasa kwamba siri imetoka, akakunja uso akajibu kwamba wengine wana dawa za hospitali na yeye ana ukuta wake. Fundi alimwomba mama achomeke pasi. Tukaweka viganja ukutani, baba, fundi na mimi, tukasubiri. Vuguvugu likaja, dogo, halafu likazidi, na fundi akaacha kucheka. Alizima umeme wote, akabomoa plasta kidogo kwa patasi, na ndani tukaona nyaya mbili zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa kipande cha plastiki, nyeusi tii, nusu zimeungua. Harufu ya ndagala ikatujaa puani.

"Munaona? Munaona sasa?" mama alipiga makofi. Siku hiyo hata paka alisamehewa.

Fundi alisema kila pasi ilipowashwa kiungo kile kilipata moto, plastiki ikanuka kama samaki, na kwamba mbao za dari zingeshika moto siku yoyote ile. Bibi akasikiliza kwa makini. "Kumbe mi nilikuwa naegemea jiko," akasema, akawa wa kwanza kucheka.

Kesho yake alitandika mkeka kama kawaida. Ukuta ulikuwa umezibwa, salama, baridi. Akakaa kidogo, akainuka, akaingia chumbani, na nilipochungulia nikamwona ametoa ule mzigo wake mvunguni. Nilimvuta mkono mpaka koridoni, nikamkalisha, nikaketi nyuma yake, mgongo wangu kwenye mgongo wake, nikakaza nisisogee. Alinyoosha miguu. Kisha akaegemea.

"We mutoto uko na moto kuliko ule ukuta," akasema. "Haya, niambie. Leo nani amekukasirisha?"

Hakuondoka mpaka mvua zilipokwisha, na kila mchana nilimweleza mambo yote ya shule.

Leo ninapanga nyumba mtaa wa Carama. Nilipokwenda kuiangalia, dalali alinionyesha vigae na bomba, mimi nikapita nikipapasa kuta na kunusa pembe, akadhani akili yangu haiko sawa. Kuta zangu ni baridi, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Mgongo nao umeanza kunisumbua, urithi wa Bibi bila shaka, kwa hiyo nimenunua mjini ule mfuko wa maji unaopashwa kwa umeme. Unapata moto upesi, na jioni ninauegemea nikitoka kazini. Ni mfuko mzuri, sina ugomvi nao, ila haujaniuliza hata siku moja nani amenikasirisha.