Kuamia Ndege Palipokuwa na Matete

Bonde lile chini ya Uluguru lilikuwa kinamasi cha matete, na kila Jumapili nilikwenda na darubini yangu kutazama yangeyange. Lakini kwetu Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na bonde ni la ukoo wa mke wangu. Walipochimba mitaro, maji yakahama, wakapanda mpunga. Mimi nimeoa tu, niulizwe nini?

Mpunga ulipoanza kuiva, mama mkwe alinikabidhi debe bovu na fimbo.

“Baba, wewe si ndiye unayewajua ndege? Basi nenda kawaamie.”

Ningekataaje? Wali wa huko ndio tunaokula nyumbani.

Sasa nashinda juu ya ulingo, nafukuza kwelea kwelea mpaka sauti inanikauka. Jana alitua yangeyange mmoja, mweupe pepepe, pale pale nilipozoea kuwaona. Yangeyange hali mpunga jamani, anakula vyura! Nikanyamaza, nimtazame kidogo.

Mama mkwe akapaza sauti kutoka kwenye tuta: “Baba, huyo humwoni?”

“Namwona, mama,” nikajibu, nikaligonga debe mpaka akaruka.