Tembo Mwenye Miguu ya Ng'ombe

Baba alipofariki, mwishoni mwa miaka ya tisini, hakuna mwenye duka pale Gisenyi aliyetaka kumpa mwanamke kibao chake achore. Brashi za marehemu nilikuwa nazo mimi, na kazi alinifundisha mwenyewe tangu utotoni, lakini wateja walikuja, wakatoa pole, wakaondoka. Nilikuwa na hasira siku hizo, sifichi.

Ndipo mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, mama aliyerudi kutoka Tanzania, akaniita. Alitaka ukuta wa uani ujae wanyama. Akanipa kitabu kikubwa cha Kifaransa chenye picha walizochora Wazungu wa zamani.

"Anza na tembo huyu," akasema. "Ukimpatia, ukuta wote ni wako. Ukimkosea, tutaachana kwa amani."

Tembo sikuwahi kumwona. Nikamfuata yule wa kitabuni mstari kwa mstari, pamoja na miguu ya nyuma iliyopinda kama ya ng'ombe. Sikuitilia shaka hata kidogo, maana kwetu mnyama akisimama kama ng'ombe amesimama vizuri. Wapita njia walimsifu. Mfugaji mmoja wa Mudende, aliyekuwa akileta maziwa shuleni, alimkagua nyuma kwa makini, akanihakikishia kwamba huyo angezaa bila shida. Kichwa kikanivimba.

Siku ya tatu akaingia uani mama muuza nyanya kutoka Goma. Alimtazama tembo wangu, akacheka mpaka akalitua beseni.

"Eh, dada! Hii tembo iko na miguu ya ngombe!"

"Njo vile iko mu kitabu," nikamjibu kwa ukali, kwa Kiswahili hicho hicho cha Goma.

"Bon, ile mutu ya kitabu hakuonaka tembo. Mi nilizaliwa Rutshuru. Zilikuwa zinakula muhogo yetu, sisi tunaangalia tu. Kule nyuma iko na magoti kama mutu."

Nilitamani kumfukuza. Lakini hakuwa na sababu ya kunidanganya, na mihogo ilikuwa yao. Nikachovya brashi kwenye rangi nyeupe, nikaifuta miguu yote miwili. Nilijua ninaweza kuukosa ukuta.

Mwalimu mkuu akatoka ofisini, kitabu kwapani, akamkuta tembo hana miguu ya nyuma.

"Nani amekuambia ufute?"

Kabla sijafungua mdomo, yule muuza nyanya alikaza kitenge, akapiga magoti, akaweka viganja chini, darasa la tatu zima likichungulia madirishani.

"Madamu, angalia. Tembo njo inapigaka magoti hivi."

Watoto walishangilia. Mwalimu mkuu hakucheka. Alikifungua kitabu, akaitazama picha, akamtazama yule mama, akarudi tena kwenye picha. Kisha akakifunga.

"Mchore kama anavyosema. Halafu utamchora twiga."

"Twiga pia sijamwona," nikakiri.

"Mimi nimewaona tangu nikiwa mdogo. Tazama anavyokunywa maji."

Akaniwekea kitabu mikononi, akavua viatu, akaitanua miguu kadiri sketi ilivyomruhusu, akainama mbele ya wanafunzi wake wote. Machozi ya furaha yalinitoka. Nikaokota chaki, nikamwomba asitikisike mpaka nimalize.