Safari ya Garsen Kutafuta Mkono wa Babu

Chanzo cha safari hii ni barua yangu mwenyewe. Barisa, mtoto wa baba yangu mdogo, amezaliwa Uingereza na hurusha mkuki kwenye mashindano. Aliniandikia kuuliza kama babu yetu Jillo, mfugaji wa kabila la Waorma wa Mto Tana, naye alikuwa mrushaji. Nikamjibu kuwa hakuwa na mfano. Sikuwa nimemuuliza mtu. Barisa akayasema hayo kwenye magazeti ya kwao, na kiangazi kile, kabla ya mvua za El Niño, akaja Mombasa nimpeleke.

Saa moja asubuhi tulipanda basi. Kutoka Malindi tulifuatana na gari la askari kwa hofu ya majambazi. Barisa aliitazama nyika bila kuchoka.

Garsen tuliingia adhuhuri, vumbi hadi kwenye nyusi. Kesho yake tulitembea saa tatu mpaka kwa Bibi Hawo, dada yake babu. Alitupa maziwa, akamshika Barisa bega, akalisifu. Barisa akauliza habari za mkuki kwa Kiswahili alichofundishwa na baba yake.

"Kurusha?" bibi akashangaa. "Mkuki ya hapa ni ya kushika. Ukirusha, simba akija utapiga na nini, kiatu?"

Wafugaji waliokuwa wameketi nasi walicheka. Huenda Waorma wengine walirusha. Mimi naandika nilichosikia. Nikakiri mbele ya wote kwamba hadithi ile niliitunga. Barisa hakunitukana.

"Basi nimekuja kwa nani?" aliniuliza.

Bibi ndiye aliyeinuka, akatupeleka kisimani. Ni shimo refu. Wanaume husimama humo kwenye vidato vya ukutani, mmoja juu ya mwenzake, na kila mmoja humrushia wa juu yake ndoo ya maji. Babu, bibi alisema, alikuwa mtu wa chini kabisa, penye tope, kila kiangazi. Siku hiyo tuliyofika, mtu wa chini alikuwa ameshikwa na homa, na ng'ombe walikuwa wakilia kwa kiu tangu alfajiri.

"Shuka, mjukuu wangu," bibi akamwambia.

Ndoo ya kwanza ilimrudia kichwani. Ya pili vilevile. Mchungaji mmoja akauliza kama Uingereza maji hupanda yenyewe. Kisha mkono ukaizoea kazi, ndoo zikapanda kwa mwendo wa wimbo wao. Desturi yao ni kumtaja kwenye wimbo mtu wa chini. Walianza kwa kumwita mgeni. Alasiri, ng'ombe wa mwisho alipokunywa, walikuwa wakiimba Barisa wa Jillo, na bibi akiitikia kwa sauti kuliko wote.

Tulirudi Mombasa siku ya tatu, viganja vyake malengelenge matupu, naye akinisimulia kisima kana kwamba sikuwepo.

Nilichojifunza ni hiki, kama nimekielewa: nilimwogopea ukweli mtu aliyeweza kuubeba. Babu niliyemtunga alikuwa mdogo sana kwa yule aliyesimama topeni akinywesha ng'ombe wa watu, na pale aliposimama, mjukuu wake amesimama.