Soda Moja, Mirija Miwili

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Mimi nimeanza na baiskeli, nabeba mikungu ya ndizi kutoka kwetu Mbuba. Shule niliishia darasa la nne, na leo nina malori mawili na nyumba Biharamulo mjini ambayo wageni huuliza ni ya nani. Kwa hiyo siku nilipopeleka madawati ishirini katika shule anakofundisha binti yangu, naye akaniomba nikae nyuma nimsikilize, nilikaa kama mtu anayemfanyia mwalimu hisani.

"Baba, usikilize tu," alinionya. "Usije ukaninyang'anya darasa."

Wanafunzi wakacheka. Walikuwa wanasoma riwaya ya zamani ya Waafrika wenzetu. Imeandikwa kwa Kiingereza, lakini binti yangu alikuwa anaifafanua kwa Kiswahili, hivyo sikupitwa. Kuna mwanaume mwenye nguvu, amejijenga mwenyewe kama mimi, na anachoogopa ni kuonekana laini. Dini ngeni inaingia kijijini, mwanawe anaifuata, baba anasema huyo si mtoto wangu tena. Sehemu hiyo binti yangu aliieleza akiwa amegeukia dirishani.

Alikuwa na sababu. Nilipomaliza kuezeka nyumba yangu nilipikisha pombe ya mtama, nikaita wakwe na majirani. Kwetu mtungi hukaa katikati, kila mwanaume na mrija wake, na mtoto wa kwanza wa kiume hukaa kulia kwa baba yake. Wangu alikuwa ameokoka mwezi uleule. Nilimpa mrija mbele ya watu wote.

"Samahani baba, siwezi."

Niliuvunja ule mrija, nikamwambia akatafute baba huko kanisani.

Miaka tisa sasa. Alikwenda Nemba, akafungua duka, akaoa. Nasikia ana watoto wawili, na wa pili ana masikio yangu. Kila nikifika njia ya kwenda kwake mguu unaachia mafuta wenyewe, lori linapunguza mwendo, halafu naendelea na safari. Na popote ninapokaa kunywa, kulia kwangu hakai mtu. Watu hudhani ni ukubwa.

"Huyu baba alimpenda mwanawe?" binti yangu aliuliza darasa.

Msichana wa dawati la mbele akasimama. "Alimpenda, mwalimu. Ila alikuwa anasubiri mtoto ndiye aje."

"Na mtoto je?"

"Si alifukuzwa? Sasa aje wapi?"

Darasa zima likacheka. Mimi nikainama, nikajifanya nakagua misumari ya dawati langu. Niliikagua muda mrefu.

Kesho yake nilikwenda Nemba. Nilibeba kibuyu cha pombe, maana kwetu ugomvi hauishi mpaka watu wanywe pamoja. Nilikuwa nimeshafika mlangoni pa duka ndipo nikajiuliza: huyu tumegombana kwa sababu ya pombe, nami namletea pombe? Nikakirudisha kibuyu kwenye lori, nikaingia mikono mitupu.

"Shikamoo, baba." Alikuwa ameshaniona. Ameota kitambi kama changu.

"Marahaba. Unauza soda?"

"Ipo ya machungwa."

"Ya baridi?"

"Umeme umekatika tangu jana, baba. Ni ya moto."

"Nipe hiyohiyo. Moja. Na mirija miwili."

Akaifungua, akatumbukiza mirija yote miwili, akazunguka meza ya duka, akaja kukaa kwenye benchi nililokalia, kulia kwangu. Tulikunywa vipaji vya nyuso vikikaribia kugusana, mpaka chupa ikaanza kukoroma.

Alikataa pesa. Nikamwambia mimi ni mtu mzima, sinywi bure dukani kwa mtu, apokee asinitie aibu. Akapokea kwa mikono miwili.

Shilingi mia saba.