Samli Niliyopaka Nyaya Tukienda Griftu

Mwanangu Bashir aliniambia waziwazi: "Hoyo, mama yangu, gari hili likishindwa kwenda Griftu na kurudi, naliuza chuma chakavu." Gari la marehemu baba yake, lililonibeba nikiwa bibi harusi! Nikasema tutakwenda. Fundi wangu ni Hodan, binti yake Bashir, mjukuu wangu anayejua umeme wa magari kuliko wanaume wenye ndevu.

Kabla ya safari Hodan alizungushia nyaya utepe wa kitambaa, na kila zinapopenya bati akatia pete ya mpira zisichubuke. Mimi nikaona haitoshi. Alfajiri, yeye akiswali, nikafunga juu ya utepe vipande vya ngozi ya mbuzi nilivyolowesha samli. Kamba za ngamia tunazipaka hivyo zisipasuke. Waya ni nani akatae?

Saa moja asubuhi tuliondoka Garissa, Hodan usukani. Modogashe tulikunywa chai ya maziwa, gari halijakohoa. Baada ya Wajir mchanga ulitutikisa hadi meno. Tulifika Griftu jua limeinama, dada yangu Kadija akatupokea kwa maziwa ya ngamia.

Asubuhi yake gari kimya. Hodan akafungua boneti, akanusa.

"Ayeyo, bibi yangu, nani amepika hapa?"

Panya walikuwa wamekula ngozi yangu, wakala utepe, wakafika kwenye waya. Shaba nje!

Kadija alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, wallahi umewaalika harusini!"

Mimi sikucheka. Nilijua Bashir atasema mtoto ndiye aliyeharibu.

Hodan alichomoa betri, akafuta samli yote, akakata palipoliwa, akaunga, akafunga utepe mpya. Juu yake akavika mrija wa plastiki aliouchana kwa urefu, akazifunga nyaya mbali na bomba la moshi. Adhuhuri gari likanguruma.

"Mwambie baba ni panya tu," akaninong'oneza. "Samli usiitaje."

Kesho yake alasiri tulikuwa Garissa. Bashir alifungua boneti kabla ya salamu.

"Mbona zimeungwa? Hodan, kazi gani hii?"

"Ni mimi," nikasema. "Samli yangu iliita panya. Mtoto ndiye aliyeturudisha."

Kamba ya ngamia hutaka mafuta. Waya hutaka kukaa mkavu, usikwaruzwe na chuma, usiunguzwe na injini. Nimelijua hilo uzeeni, na aliyenifundisha nilimbeba mgongoni.

Bashir alifunga boneti, akachomoa funguo garini. Kisha akampa Hodan.